Darrelle Revis: beki aliyelipwa kwa mipira ambayo haikurushwa

Mwaka 2010 Darrelle Revis, beki wa pembeni wa New York Jets, alimaliza msimu wa kawaida wa ligi ya NFL bila kunasa mpira hata mmoja wa wapinzani. Msimu ulipoisha, jina lake lilikuwamo katika kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima. Tena Septemba ya mwaka huohuo klabu yake ilikuwa imekubali kumlipa dola milioni 46 kwa miaka minne. Aliyezoea soka, ambako mshambuliaji asiyefunga huzomewa na kipa asiyedaka huwekwa benchi, habari hii itamtatiza. Mlinzi haujapita mpira mikononi mwake mwaka mzima, halafu anaitwa bora kuliko wote?

Jibu lipo, na ukishalipata unaelewa mengi zaidi ya msimu ule mmoja. Unaelewa kwa nini Revis aligomea kambi ya mazoezi mara mbili, kwa nini alisaini mkataba wa dola milioni 96 usiokuwa na dhamana hata ya dola moja, kwa nini alihama klabu mara tatu ndani ya miaka miwili, na kwa nini wapo mashabiki waliomwita mroho wa fedha mpaka leo. Mimi siafikiani nao. Kwa maoni yangu Revis ni miongoni mwa wachezaji wachache mno walioielewa biashara yao kwa kina kilekile walichouelewa mchezo wenyewe, na kwa beki wa NFL mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Sekunde tatu

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kwa 11 katika uwanja wa yadi 100, kama mita 91, kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Inaweza kusogea kwa kukimbia na mpira mkononi au kwa kuurusha mbele. Kurusha ndiko kunakoleta yadi nyingi kwa mkupuo, na ndiko kunakomhusu Revis.

Mrushaji mkuu, yaani kotabeki, husimama nyuma ya ukuta wa wenzake watano wazito. Akiupata mpira ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika, kabla majitu ya upande wa pili hayajamfikia. Ndani ya muda huo wapokeaji wake, watu wenye mbio kali na mikono isiyoangusha, wanakimbia njia walizozikariri tangu mazoezini. Huyu anakwenda yadi 10 kisha anakata kuingia ndani, yule anachanja mbuga moja kwa moja hadi mwisho. Kazi ya kuwazuia ni ya mabeki. Wa pembeni hukaa karibu na mistari ya kando, uso kwa uso na wapokeaji. Wa nyuma kabisa hukaa katikati, mbali, tayari kumwokoa mwenzao aliyezidiwa.

Ukabaji uko wa namna mbili kubwa. Timu inaweza kulinda maeneo, kila beki akapewa kipande chake cha uwanja na kumchukua yeyote anayeingia humo. Au inaweza kukaba mtu kwa mtu, kila beki akapewa wake na kumfuata popote aendako. Ukabaji wa mtu kwa mtu ndio wenye mateso, kwa sababu mpokeaji ana faida moja isiyoondolewa na mazoezi yoyote: yeye anajua anakokwenda na beki hajui. Beki anaanza kwa kurudi kinyumenyume, anasubiri mwenzake aamue, halafu anatakiwa ageuke na kufikia mbio zilezile bila kupoteza hata hatua mbili. Hatua mbili tu zinatosha kotabeki mzuri kurusha.

Ndiyo maana mpokeaji hatari hukabwa na watu wawili. Beki wa pembeni anambana, na wa nyuma anasogea upande wake kumfunika. Jambo hilo linaonekana la busara mpaka uhesabu. Una walinzi 11. Ukiwapa wawili kazi ya kumchunga mtu mmoja, huko kwingine umepungukiwa na mtu, na makocha wa upinzani wanalipwa kumtafuta huyo aliyebaki wazi.

Sasa fikiria una beki anayeweza kumchukua mpokeaji bora wa ligi peke yake, bila msaada wa mtu, mchezo mzima. Umerudishiwa mlinzi mmoja. Kocha Rex Ryan, aliyefika Jets mwaka 2009 akitokea Baltimore, alikuwa anapenda kupeleka watu wengi kumshambulia kotabeki, na njia hiyo ni ya hatari kwa sababu huku nyuma mabeki hubaki bila ulinzi. Akiwa na Revis, hatari hiyo ilipungua sana. Upande aliokaa Revis ulipewa jina la Kisiwa cha Revis, kwa kuwa mpokeaji aliyepelekwa huko alikuwa peke yake na yeye, na habari zake hazikusikika tena.

Msimu huo wa 2009 ndio unaotajwa kila linapozungumzwa suala la ukabaji bora. Jets hawakumwacha abaki upande mmoja kama mabeki wengi wakubwa walivyozoea. Walimtuma amfuate mpokeaji bora wa timu pinzani popote atakaposimama. Mechi ya kwanza alipewa Andre Johnson wa Houston, na Johnson akaishia kudaka mipira 4 kwa yadi 35. Wiki iliyofuata Randy Moss wa New England, pengine mpokeaji wa mbio ndefu wa kutisha kuliko wote waliowahi kucheza, alipata mipira 4 kwa yadi 24. Terrell Owens wa Buffalo, 3 kwa yadi 13. Steve Smith wa Carolina alidaka mmoja tu, wa yadi 5, na katika mechi hiyo Revis mwenyewe alinasa mpira na kukimbia nao mpaka mwisho. Chad Ochocinco wa Cincinnati, aliyekuwa na mdomo mkubwa kabla ya mechi, hakupata kitu katika siku ya mwisho ya msimu. Jets ilimaliza ikiwa na safu ya ulinzi iliyoruhusu yadi chache na pointi chache kuliko timu nyingine yoyote. Revis alinasa mipira 6 na kuigusa au kuizuia mingine ikafika jumla ya 31. Tuzo ya mlinzi bora ilikwenda kwa Charles Woodson wa Green Bay, beki mwenzake, na Revis akawa wa pili.

Inafaa kumtazama kwa karibu alivyokuwa akifanya. Revis hakuwa mrefu, kama mita 1.80, wakati Moss alikuwa anakaribia mita 1.93. Alisimama karibu sana na mpokeaji, magoti yamekunjwa, mikono iko tayari kifuani. Mpira ukianza hakurukia. Wapokeaji huanza kwa danganya toto: bega linakwenda kulia, kichwa kushoto, miguu inapiga hapohapo. Revis hakuangalia kichwa wala mabega. Macho yake yalikuwa kiunoni, maana mtu hawezi kukimbia kwenda mahali ambako kiuno chake hakijaelekea. Kiuno kikishaamua, mkono mmoja unapelekwa kifuani kwa mpokeaji, unamchelewesha kidogo, na mwili unamsukuma taratibu kuelekea mstari wa kando. Kuanzia hapo mstari wenyewe unakaba. Mpokeaji ana nafasi ya mita moja ya kupokelea mpira, Revis yuko ndani yake, na kotabeki akiinua macho anamwona beki tu. Anahamishia macho kwingine. Wakati huo sekunde mbili zimekwisha.

Hapo ndipo sifuri ya mwaka 2010 inapoeleweka. Makotabeki walijifunza. Baada ya 2009 wengi waliacha kurusha upande wake isipokuwa walipolazimika, na beki hawezi kunasa mpira ambao haukurushwa. Takwimu zake zilishuka kwa sababu alikuwa amefaulu kupita kiasi. Kazi bora ya beki ni jambo lisilotokea, na kitu kisichotokea hakiandikwi kwenye karatasi ya matokeo.

Ushahidi wa hili ulionekana Canton, Ohio, mwezi Agosti 2023, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Sherehe hiyo ilihusisha mabeki wa pembeni watatu. Ken Riley wa Cincinnati alikuwa na mipira 65 aliyoinasa katika maisha yake ya uchezaji. Alistaafu 1983 na akafariki 2020 bila kuiona siku hiyo. Ronde Barber wa Tampa Bay alikuwa na mipira 47, na alikuwa amesubiri miaka kadhaa tangu jina lake liruhusiwe kupigiwa kura. Revis alikuwa na 29, na aliingia mwaka wa kwanza kabisa aliostahili. Sisemi hivyo kuwapunguzia wale wawili, na kwa kweli Riley alicheleweshwa isivyo haki. Ninachosema ni kwamba wapiga kura, waliomtazama Revis wiki baada ya wiki, walijua kuwa hesabu ya mipira iliyonaswa haikuwa kipimo chake.

Aliquippa

Revis alizaliwa Julai 1985 Aliquippa, Pennsylvania, mji ulioko kando ya Mto Ohio uliojengwa kuzunguka kiwanda cha chuma cha Jones na Laughlin. Mwaka 1930 ulikuwa na wakazi zaidi ya 27,000. Kiwanda kilipokufa miaka ya 1980 watu walianza kuondoka, na leo hawafiki 10,000. Kwa mji wa ukubwa huo, idadi ya wachezaji uliowatoa inashangaza. Shule ya sekondari ya Aliquippa peke yake ina watu watatu katika Jumba la Mashujaa: Mike Ditka, Ty Law na Revis. Mwaka 2003 Revis aliiongoza shule hiyo kutwaa ubingwa wa jimbo akivuka mstari wa goli mara tano katika fainali moja. Alikuwa pia hodari katika mpira wa kikapu, na wanaoijua miguu ya mlinzi wa kikapu, ile ya kuteleza pembeni bila kuipishanisha, wanaiona ndani ya ukabaji wake wote.

Jina la Ty Law lina uzito wa pekee hapa. Naye alikuwa beki wa pembeni, akichezea New England. Januari 2004, katika mechi ya kuamua nani aende Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Law alinasa mipira mitatu ya Peyton Manning, kotabeki wa Indianapolis, na Indianapolis wakatolewa. Viongozi wa Indianapolis walilalamika kuwa mabeki wa New England walikuwa wanawashika wapokeaji wao njia nzima. Kanuni ya kuzuia jambo hilo ilikuwapo tangu 1978: beki anaruhusiwa kumgusa mpokeaji ndani ya yadi 5 za kwanza tu. Waamuzi walikuwa wanaifumbia macho. Baada ya malalamiko hayo, ligi iliwaagiza waisimamie kwa ukali kuanzia msimu wa 2004. Akikosea, beki anaigharimu timu yake yadi 5 na wapinzani wanapewa majaribio mapya.

Kwa hiyo Revis aliingia ligi mwaka 2007 akikuta kazi ngumu zaidi kuliko aliyoikuta ndugu yake wa mji mmoja, na sehemu ya ugumu huo ilitokana na ubora wa huyohuyo ndugu. Yadi zilizorushwa ziliongezeka ligi nzima, timu zikaanza kuweka wapokeaji watatu na wanne kwa pamoja, na beki mwenye uwezo wa kumfunga mmoja wao bila kumshika akawa mali adimu. Mwaka 2008 Law, mkongwe wakati huo, aliletwa Jets na wakacheza pamoja.

Mjomba na karatasi

Mtu mwingine aliyemwathiri Revis hakuwa beki kabisa. Mjomba wake, Sean Gilbert, alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele. Mwaka 1997 mkataba wake na klabu ya Washington ulikuwa umekwisha, lakini hakuwa huru. Tangu 1993 ligi inaipa kila klabu haki ya kumfungia mchezaji mmoja kwa mwaka: unamlipa mshahara wa mwaka mmoja uliopangwa kwa hesabu maalumu, naye hawezi kwenda anakotaka. Mshahara wenyewe ni mkubwa, lakini ni wa mwaka mmoja tu, na akivunjika mguu hana cha kudai zaidi ya mwaka huo. Gilbert alikataa kusaini. Alikaa nyumbani msimu mzima bila senti. Mwaka uliofuata Carolina iliipa Washington haki zake mbili za raundi ya kwanza katika uchaguzi wa wachezaji wapya, ambamo kila mwaka klabu huchagua chipukizi kwa zamu, ili impate, ikampa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 46.5. Baadaye, mwaka 2015, aligombea uongozi wa chama cha wachezaji akashindwa.

Revis alikuwa na miaka 12 mjomba wake alipokaa nje msimu mzima. Ukilijua hilo, yaliyofuata hayakushangazi.

Kwanza, hii mikataba. Katika soka, kwa kanuni za FIFA, klabu ikivunja mkataba bila sababu ya haki inapaswa kumfidia mchezaji. Katika NFL hali ni tofauti sana. Klabu inaweza kumtema mchezaji ikiona inafaa, na inachobaki nacho kama deni ni zile fedha zilizoandikwa kuwa na dhamana. Ukisoma gazetini kuwa fulani kasaini miaka sita kwa dola milioni 96, hiyo namba kubwa ni matumaini tu. Namba ya kweli ni ile ya dhamana.

Pili, kuna ukomo wa mishahara. Tangu 1994, ukiacha mwaka 2010, kila klabu ina kiasi kisichovukwa kwa mwaka. Klabu zinazokaribia ukomo hutumia ujanja wa kihesabu: badala ya mshahara mkubwa, zinampa mchezaji fedha ya kusaini papo hapo, kisha katika vitabu zinaigawanya kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Mchezaji akitemwa katikati, sehemu iliyobaki inaikumba klabu mara moja hata kama yeye hayupo tena. Hiyo ndiyo kinga yake. Fedha ya kusaini ikiwa kubwa, kumfukuza kunauma. Isipokuwapo, kumfukuza ni bure.

Katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa 2007 Jets walimchagua Revis wa 14, wakipanda kutoka zamu ya 25 ili wampate. Enzi hizo, kabla ya makubaliano ya 2011 kati ya ligi na wachezaji kuweka viwango vya malipo ya wachezaji wapya, mchezaji chipukizi aliweza kubishana juu ya mkataba wake wa kwanza. Revis alikaa nje ya kambi karibu wiki tatu kabla ya kusaini. Watu walinung'unika, wakasahau.

Mwaka 2010 hawakusahau. Alikuwa ametoka kwenye msimu ule wa ajabu, na mshahara wake wa mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa dola milioni 1. Beki aliyekuwa analipwa vizuri kuliko wote, Nnamdi Asomugha wa Oakland, alikuwa anapata zaidi ya milioni 15 kwa mwaka. Revis akasusia kambi siku 36, huku kamera za televisheni zikiwa kambini Jets kurekodi kipindi cha maandalizi yao, kwa hiyo kutokuwapo kwake kukawa hadithi ya taifa. Mwishowe Ryan na mmiliki Woody Johnson walimfuata Florida. Alitoka na dola milioni 46 kwa miaka minne, 32 kati yake zikiwa na dhamana. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na kipengele ambacho magazeti mengi yalikipita haraka: muda wake ukiisha, Jets hawataruhusiwa kumfungia kwa ile haki ya mwaka mmoja. Kitanzi kilichomnasa mjomba wake kilikuwa kimekatwa kwa maandishi.

Nakiona kipengele hicho kuwa uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kuufanya nje ya uwanja, maana ndicho kilichoendesha yote yaliyofuata. Septemba 2012, mjini Miami, alibadili mwelekeo akiwa mahali pa wazi na goti lake la kushoto likaachia. Kano kuu ilikuwa imechanika na msimu wake ukaishia hapo. Alikuwa na miaka 27. Jets walijikuta na beki aliyefanyiwa upasuaji, mwenye mwaka mmoja uliobaki, ambaye hawawezi kumzuia ukiisha. Aprili 2013 wakamuuza Tampa Bay kwa haki ya kuchagua mchezaji wa 13 mwaka huo na nyingine ya mwaka uliofuata.

Huko Tampa ndiko aliposaini ule mkataba unaoshangaza: miaka sita, dola milioni 96, dhamana sifuri. Wengi walidhani amepoteza akili. Hebu uangalie kwa jicho lake. Goti ni bichi. Klabu gani itatoa dhamana ya miaka mingi kwa goti bichi? Badala ya kukubali mkataba mnono wa dhamana kwa bei ya chini, ambao ungemfunga miaka mitano kwa thamani ya mgonjwa, alichukua milioni 16 kwa mwaka, bei ya juu kabisa kwa nafasi yake, akabeba hatari yote mwenyewe. Akipona, analipwa. Wakimchoka, wanamwachia, naye anakuwa huru sokoni akiwa na miaka 28 badala ya 33. Alikuwa anacheza kamari, lakini juu ya kitu alichokijua kuliko mtu yeyote: mwili wake na kazi yake.

Wakamchoka baada ya msimu mmoja. Tampa Bay ilimleta kocha Lovie Smith, ambaye jina lake linakwenda pamoja na ulinzi wa maeneo, na katika ulinzi wa maeneo kumlipa mtu milioni 16 kwa kipaji cha kukaba mtu kwa mtu ni matumizi mabaya. Hakukuwa na fedha ya kusaini iliyosambazwa katika vitabu, kwa hiyo kumtema hakukugharimu chochote. Machi 12, 2014, siku ambayo angelipwa nyongeza ya dola milioni 1.5, wakamwachia. Siku hiyohiyo New England, wapinzani wakubwa wa Jets, wakamchukua kwa dola milioni 12 za mwaka mmoja. Karatasi ilionyesha mwaka wa pili wa milioni 20 ambao kila mtu alijua umewekwa kwa ajili ya hesabu tu.

Msimu huo alichaguliwa tena kikosi cha kwanza cha ligi, mara yake ya nne na ya mwisho. Februari 1, 2015 akacheza Super Bowl dhidi ya Seattle huko Arizona. Watu wanaukumbuka usiku ule kwa ajili ya Malcolm Butler, beki asiyejulikana, aliyenasa mpira wa Russell Wilson, kotabeki wa Seattle, mstarini pa goli zikiwa zimebaki sekunde 20 hivi, na New England wakashinda 28 kwa 24. Revis alikuwa upande mwingine akimchunga Doug Baldwin. Baldwin alidaka mpira mmoja tu mechi nzima, wa yadi 3, akafunga nao; katika tukio hilo Revis alikuwa anamfuata akagongana na mwamuzi aliyesimama njiani. Ukiondoa ajali hiyo, hakuna chochote cha kusimulia kuhusu upande wake. Kwa beki wa aina yake, hiyo ni sifa.

Mwezi mmoja baadaye New England waliukataa ule mwaka wa milioni 20, na Revis akaingia sokoni tena. Safari hii alirudi Jets: miaka mitano, dola milioni 70, na 39 kati yake zenye dhamana. Goti lilikuwa limethibitisha kuwa limepona, alikuwa na pete ya ubingwa mkononi na umri wa miaka 29. Aliyekubali sifuri mwaka 2013 alidai milioni 39 mwaka 2015. Waliosema hana msimamo hawakuona kuwa ni kanuni ileile: chukua hatari ukijua bei yako itapanda, chukua dhamana ukijua itashuka.

Ikashuka kweli. Mwaka 2015 alinasa mipira 5 na kuitwa mechi ya nyota kwa mara ya saba. Mwaka 2016 mambo yakaharibika kwa kasi inayowaogopesha mabeki wote. Mechi ya kwanza, A.J. Green wa Cincinnati alidaka mipira 12 kwa yadi 180, mingi kati yake mbele ya Revis. Siku nne baadaye Marquise Goodwin wa Buffalo, mwanariadha wa Olimpiki, alimpita na kufunga kutoka yadi 84. Kotabeki anaweza kucheza hadi miaka 40 akitumia akili. Beki wa pembeni hawezi, kwa kuwa ile hatua moja ya kugeuka na kushika mbio ndiyo kazi yenyewe, na hiyo ndiyo inayoondoka kwanza. Jets wakamtema mapema 2017, lakini dola milioni 6 za mwaka huo zilikuwa na dhamana. Novemba alijiunga na Kansas City kwa mechi chache, na Julai 2018 akatangaza kustaafu, akiwa ameingiza zaidi ya dola milioni 120 katika misimu 11.

Linganisha na sasa. Mwaka 2013 ukomo wa mishahara ulikuwa dola milioni 123, kwa hiyo milioni 16 za Revis zilikuwa asilimia 13 ya fedha zote ambazo Tampa Bay ingeweza kutumia kwa wachezaji wake. Machi 2025 Houston ilimpa beki wake wa pembeni, Derek Stingley, mkataba wa dola milioni 90 kwa miaka mitatu, na ukomo wa mwaka huo ulikuwa milioni 279.2. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 11. Kwa kipimo cha Revis, Stingley angelipwa karibu milioni 36 kwa mwaka badala ya 30. Lakini katika milioni 90 hizo, 89 zina dhamana.